Kupima Umeme wa Volti Kubwa kwa Usalama: Mwongozo Kamili wa Mita kwa Fundi Umeme

Fundi anapofungua paneli na kushika vijiti vya mita, kati ya waya wenye moto na vidole vyake hubaki vitu vitatu tu: plastiki ya vijiti na waya zake, fyuzi zilizomo ndani ya mita, na nafasi ya milimita chache kati ya njia za shaba kwenye bodi. Vitu hivyo vikiwa imara, kosa dogo huishia kwenye fyuzi iliyokatika. Vikiwa dhaifu, kosa lile lile huishia kwenye mlipuko mbele ya uso. Mwongozo huu ni kwa mafundi wanaofanya kazi kwenye majengo, viwanda, jenereta na mitambo ya sola, na unachukulia kwamba msomaji anaijua multimita na ana leseni inayolingana na kazi yake, iwe ya EWURA kwa Tanzania Bara au ya EPRA kwa Kenya.

Mita ya mkononi inaishia wapi

Kwa viwango vya kimataifa vya IEC, umeme wa AC unaozidi volti 1,000 na wa DC unaozidi volti 1,500 ndio unaohesabiwa kuwa wa msongo mkubwa. Mafundi wengi huuita hata ule wa fezi tatu, wa volti 400, umeme mkubwa, na wana haki ya kuuogopa, kwa kuwa ndio wanaokutana nao kila siku. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu umeme huo pamoja na DC ya sola, ambayo siku hizi hufika volti 1,000 juu ya paa la jengo la kawaida.

Laini za kilovolti 11 na 33 zinazopita kwenye nguzo za mitaani hazipimwi kwa multimita ya aina yoyote, hata iwe ya bei gani. Kwenye msongo huo umeme huweza kuruka hewani kabla kijiti hakijagusa waya, na kihami cha mita hakikuumbwa kuuzuia. Nitarudi kwenye kazi za karibu na kilovolti 11 baadaye, kwa sababu kuna njia chache ambazo fundi wa volti ndogo hujikuta amekutana nazo bila kutarajia.

Nguvu iliyo nyuma ya waya

Wengi wakinunua mita huangalia idadi ya volti iliyoandikwa, kisha bei. Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni kundi la kinga, lile linaloandikwa CAT II, CAT III au CAT IV karibu na matundu ya waya, kwa sababu ndilo linaloonyesha ni nguvu kiasi gani mita inaweza kuhimili mambo yakiharibika.

Chukua transfoma ya kVA 315 inayolisha kiwanda kidogo kwa volti 400. Mkondo wake wa kawaida ni ampia 455 hivi. Ikiwa impidensi yake, yaani upinzani wake kwa umeme wa AC, ni asilimia 4, kama zilivyo transfoma nyingi za ukubwa huo, shoti itakayotokea karibu na vichwa vyake, yaani mahali pa kufungia waya, itavuta ampia zaidi ya 11,000. Kwenye nyumba iliyo mwisho kabisa wa laini ya transfoma hiyo hiyo, shoti inaweza kuvuta ampia mia chache tu, maana urefu wa waya unaudhoofisha mkondo. Mita itasoma volti 230 mahali pote pawili, lakini hatari zake hazifanani hata kidogo.

Makundi yamepangwa kufuata hali hiyo. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya umeme uliofungwa ndani ya jengo: paneli za usambazaji, sakiti breka, kontakta na mota za fezi tatu. CAT IV ni ya mwanzo wa umeme, yaani waya wa kuingilia kutoka kwenye nguzo, mita ya LUKU, swichi kuu ya kwanza na upande wa volti ndogo wa transfoma. Kadiri unavyokaribia transfoma, ndivyo kundi linavyopaswa kupanda.

Sababu ya pili ya makundi haya ni miruko ya ghafla ya volti. Radi ikipiga karibu na laini, mota kubwa ikizimwa, au kapasita za kurekebisha pawa fakta zikiwashwa, volti hupanda kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hadi maelfu. Mita ya CAT II 600 V hujaribiwa kwa mruko wa volti 4,000 kutoka chanzo chenye ukinzani wa omu 12. Ile ya CAT III 600 V hujaribiwa kwa volti 6,000 kutoka omu 2, na ya CAT IV 600 V kwa volti 8,000 kutoka omu 2.

Hapa ndipo wengi hukosea kununua. Mita ya CAT II 1000 V nayo hujaribiwa kwa volti 6,000, kwa hiyo dukani inaonekana kuwa na nguvu kuliko ya CAT III 600 V, kwa kuwa 1,000 ni zaidi ya 600. Lakini ya kwanza imejaribiwa kupitia omu 12, yaani mkondo wa juu kabisa ni ampia 500. Ya pili imejaribiwa kupitia omu 2, yaani ampia 3,000. Kwenye paneli ya volti 400 ningechagua ya CAT III 600 V bila kusita, na kwa anayefika hadi kwenye waya wa kuingilia, mita inayofaa ni iliyoandikwa CAT III 1000 V pamoja na CAT IV 600 V.

Ajali yenyewe huenda hivi. Mruko wa volti unaruka kati ya njia mbili za shaba ndani ya mita dhaifu na kuwasha cheche. Cheche hiyo inaigeuza hewa kuwa kipitishio, na umeme wa kawaida wa volti 400 unaifuata njia hiyo ukiwa na maelfu ya ampia nyuma yake. Mita inapasuka. Fundi kwa mshtuko anavuta vijiti, na moto ule unaendelea kati ya ncha za vijiti na basibaa (pao la shaba linalogawa umeme ndani ya paneli), kisha unaweza kuvuka kutoka fezi moja hadi nyingine. Haya yote hutokea kabla mtu hajawahi kufikiri, na breka ya mbele huenda isifyatuke mapema kiasi cha kumwokoa.

Kuichagua na kuikagua mita

Zile mita ndogo za aina ya DT830, ambazo karibu kila duka la vifaa vya umeme huziuza kwa bei ya chini, zinafaa kupimia betri, redio na bodi za elektroniki. Itazame moja kwa makini: kwenye tundu la ampia 10 utakuta pameandikwa UNFUSED, maana yake tundu hilo halina fyuzi kabisa. Swichi yake ya kuzungusha ina alama ya volti 750 za AC, na alama hiyo ndiyo inayowashawishi watu waipeleke kwenye paneli ya fezi tatu. Akichomeka kijiti chekundu kwenye tundu la ampia 10 kwa kusahau, kisha akagusa fezi mbili, fundi amefunga shoti ya moja kwa moja kwa waya mwembamba alioushika mkononi.

Mita ya kazi ya paneli iwe na fyuzi kwenye matundu yote ya mkondo, na fyuzi hizo ziwe za kauri zilizojazwa mchanga ndani, zilizoandikwa volti 1,000 au angalau volti za mita yenyewe, pamoja na uwezo wa kukata maelfu ya ampia. Fyuzi ya kioo ya volti 250 ikikutana na shoti kubwa hupasuka, na mvuke wa waya wake unaendelea kupitisha umeme. Kwa hiyo fyuzi ya mita ikikatika, inunuliwe ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye mita. Kuziba nafasi yake kwa uzi wa shaba au kwa fyuzi ya redio ni kuitoa kinga yote ya mita, hata kama itaendelea kusoma vizuri kwa miaka.

Waya na vijiti navyo vina kundi lake, na kinga ya seti nzima huwa ni ile ya kifaa dhaifu kuliko vyote. Mita ya CAT IV iliyofungwa waya za bei nafuu zisizo na alama yoyote ni mita isiyo na kundi. Vijiti viwe na kizuizi cha vidole, na sehemu ya chuma iliyo wazi kwenye ncha isizidi milimita 4. Milimita 2 ni bora zaidi. Ncha ndefu za milimita 15 au 20 ndizo zinazogusa fezi na basibaa ya jirani kwa pamoja mkono ukiteleza. Vijiti vingi vya CAT III huja na vifuniko vidogo vya plastiki vya kuvalisha ncha, na watu huvitupa siku ya kwanza kwa kuona vinasumbua. Vinapaswa kubaki mahali pake.

Jambo moja linalohusu nchi zetu: mita nyingi zimethibitishwa kwa mwinuko usiozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyepesi huzuia umeme kwa udhaifu zaidi. Anayefanya kazi Nyahururu, ambako ni zaidi ya mita 2,300, asome kitabu cha mita yake na achague kundi la juu zaidi. Kwa wa Mombasa, Tanga na Unguja shida ni nyingine, nayo ni chumvi. Mita na vijiti vilivyokaa na utando wa chumvi, kisha vikapata unyevu, vinaweza kupitisha umeme juu ya plastiki yake, kwa hiyo vifutwe kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukaushwa kabisa kabla ya kazi.

Kupima paneli ya volti 400, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuamua kama kipimo hicho kinahitaji umeme uwepo. Mwendelezo wa waya, ukinzani na hali ya mota vyote hupimwa umeme ukiwa umekatwa. Kinacholazimu umeme uwepo ni kupima volti na mkondo, kutafuta hitilafu inayoonekana mtambo ukiwa kazini tu, na kuthibitisha kwamba umeme umekwisha kweli. Mteja kukataa kuzimiwa kwa dakika 10 si sababu ya kufanya kazi kwenye moto. Na mvua ya radi ikiwa karibu, kazi ya kupima laini ya kuingilia iahirishwe.

Hatua ya pili ni mwili wako. Vua pete, saa na mkufu. Vaa nguo ya pamba yenye mikono mirefu, maana ya nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na kinga ya uso au angalau miwani. Glavu za mpira za Class 00 ni za hadi volti 500 za AC, na za Class 0 ni za hadi volti 1,000; juu yake huvaliwa glavu za ngozi za kuzikinga zisitoboke. Kabla ya kuvaa, kunja mdomo wa glavu kuelekea kwenye vidole ili hewa ijae ndani, kisha sikiliza na uangalie kama inavuja. Kitundu kisichoonekana kwa macho kinatosha kuua. Simama juu ya mkeka wa mpira au sakafu kavu.

Awepo mtu wa pili, na ajue swichi ya kukata umeme iko wapi kabla paneli haijafunguliwa. Ajue pia kwamba ukinaswa asikuvute kwa mikono: akate umeme kwanza, na kama huna pumzi aite msaada na kuanza kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Hatua ya tatu ni kuikagua mita yenyewe. Pitisha vidole kwenye waya zote mbili ukitafuta mkato, mahali palipoyeyuka au palipokunjika karibu na vichwa. Waya nyingi zina rangi nyingine ndani, na rangi hiyo ikianza kuonekana waya ni wa kutupwa. Gusanisha ncha mbili mita ikiwa kwenye omu. Isome chini ya omu 0.5 bila kurukaruka unapozitikisa waya. Ukiacha kijiti chekundu kwenye tundu la volti na mita kwenye omu, ukakigusisha ndani ya tundu la ampia 10, mita ya kawaida itasoma karibu na sifuri. Ikionyesha OL, yaani njia iko wazi, fyuzi imekatika.

Hatua ya nne ni kupanga mita kabla ya kuisogeza kwenye paneli: waya mweusi kwenye COM, mwekundu kwenye tundu la volti, swichi kwenye volti za AC. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ajali nyingi za multimita hutokana nayo, hasa kwa fundi aliyetoka kupima mkondo na kusahau kijiti kwenye tundu la ampia. Ukinzani wa njia hiyo ni sehemu ndogo tu ya omu, kwa hiyo ukiigusisha kwenye fezi mbili ni sawa na kufunga waya kati yake. Jizoeze kurudisha kijiti kwenye tundu la volti mara tu baada ya kupima ampia, au achana kabisa na tundu hilo na upime mkondo kwa klampu mita, ile yenye taya zinazozunguka waya bila kuukata. Kwa paneli za fezi tatu mimi naona klampu ndiyo njia pekee yenye busara.

Hatua ya tano ni kuithibitisha mita kwenye umeme unaoujua, soketi inayofanya kazi au kifaa maalumu cha kuthibitishia. Hapo ndipo unapojua kwamba mita, betri, waya na mpangilio wako viko sawa.

Hatua ya sita ni kupima. Itundike mita au iweke mahali patulivu, usiishike mkononi. Anza na waya mweusi: uubane kwa klipu kwenye ardhi au nyutro, kisha sogeza kijiti chekundu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mbali na chuma. Kwa njia hiyo, hata ukiteleza, umeme hauna njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Unapomaliza, ondoa chekundu kwanza, cheusi mwisho. Usiegemee paneli, wala usiinamishe uso mbele yake ili usome. Sogeza mita badala ya kichwa.

Kuthibitisha kwamba paneli ya fezi tatu imekufa, kipimo kimoja hakitoshi. Pima kati ya fezi na fezi mara tatu, kila fezi na nyutro mara tatu, kila fezi na ardhi mara tatu, kisha nyutro na ardhi: jumla yake ni vipimo 10. Nyutro haiachwi, kwa sababu nyutro iliyokatika upande wa nyuma inaweza kubeba volti 230 kupitia kifaa kilichowashwa mahali pengine, na fundi aliyezoea kuishika kwa mkono mtupu hupata pigo lililo sawa na la fezi.

Hatua ya saba ni kurudi kwenye ule umeme unaoujua na kuipima mita tena. Ikiwa betri imeisha au waya wa kijiti umekatika katikati ya kazi, sifuri uliyoisoma kwenye paneli haina maana, na hakuna njia nyingine ya kugundua. Watu huiacha hatua hii kwa haraka, ilhali ndiyo inayogeuza sifuri kuwa ushahidi.

Hatua ya nane ni kuufanya umeme usirudi: funga swichi kwa kufuli yako, ufunguo ukae mfukoni mwako, na tundika kibao chenye jina lako. Mahali penye jenereta, inveta au betri, kila chanzo kifungiwe chake. Nyumba nyingi za mijini sasa zina inveta inayowaka yenyewe umeme wa nguzo ukikatika, na fundi aliyezima meni swichi peke yake anashika waya ulio na moto mpya.

Mara kadhaa utakuta waya uliokatwa ukisoma volti 40 au 90. Multimita ya kidijitali ina ukinzani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo husoma hata umeme hafifu unaoambukizwa na waya wa jirani kwenye bomba moja. Mita yenye sehemu ya LoZ (ukinzani mdogo) huweka mzigo mdogo, na volti hizo za uongo huanguka. Usiseme ni za uongo kabla ya kupima kwa njia hiyo. Kumbuka kwamba LoZ ikitumika kati ya fezi na ardhi inaweza kufyatua breka ya kinga ya uvujaji.

Kwa kuthibitisha tu kama kuna umeme au hakuna, kipimaji cha vijiti viwili kilichotengenezwa kwa kiwango cha IEC 61243-3 ni bora kuliko multimita, kwa sababu hakina swichi ya kukosea wala tundu la ampia. Testa ya bisibisi haifai kwa kazi hiyo: taa yake huwaka kwa mkondo unaopita mwilini mwako, na isipowaka huna hakika ni umeme haupo, ni taa imekufa, au ni viatu vyako vimekukinga. Kalamu inayolia bila kugusa nayo haioni DC, wala waya uliofunikwa kwa chuma.

Umeme unaobaki baada ya kuzima

Draivu ya mota ya volti 400, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, hubadilisha AC kuwa DC na kuihifadhi kwenye kapasita, na volti za humo hukaribia 566, ambayo ni kilele cha volti 400. Ukizima, kapasita hubaki zimejaa. Watengenezaji huandika muda wa kusubiri kwenye kifuniko, mara nyingi kuanzia dakika 5. Subiri muda huo wote, kisha pima kwa volti za DC kwenye vichwa vya basi ya DC (njia ya DC iliyounganishwa na kapasita), wala si kwenye vichwa vya kuingilia. Taa ndogo kuzimika si uthibitisho. Kapasita ya mikrofaradi 470 yenye volti 325 hubeba juli 25 hivi, na ukiipiga kwa bisibisi ili kuimaliza unarusha chembe za chuma kilichoyeyuka. Tumia kizuio cha umeme (rezista) kinachofaa kilichofungwa waya zenye vihami, huku mita ikiwa imeunganishwa ikuonyeshe volti zinavyoshuka.

Sola: DC ya juu ya paa

Paneli 14 zilizofungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 49 bila mzigo, hutoa volti 686. Siku ya baridi huzidi hapo: kwa paneli inayoongezeka asilimia 0.3 kwa kila nyuzi joto moja chini ya 25, asubuhi ya nyuzi 10 kwenye nyanda za juu huzifikisha karibu 717. Mita ya volti 600 haina nafasi hapa. Inahitajika ya volti 1,000 za DC, CAT III, na kwenye mitambo mikubwa ya volti 1,500 inahitajika mita na vijiti vilivyoandikwa hivyo.

Ugumu wa DC ni kwamba haipiti kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde kama AC ya herzi 50, kwa hiyo cheche ikishawaka haijizimi. Hurefuka kadiri unavyotenganisha vichwa. Mpangilio salama ni huu: zima inveta, fungua swichi ya DC, pima kila waya kwa klampu mita inayosoma DC mpaka uone sifuri, na hapo tu ndipo unapotenganisha viunganishi vya MC4. Baada ya hapo pima volti kwa vijiti vyenye adapta ya MC4, si kwa kuchokoa ncha ndani ya kiunganishi. Usisahau kwamba jua likiwepo nyaya zina moto hata kama inveta imezimwa wiki nzima. Pima pia chanya kwa ardhi na hasi kwa ardhi. Kwenye mfumo usiounganishwa na ardhi vipimo hivyo hushuka taratibu kuelekea sifuri, na vikisimama kwenye volti za kudumu kuna waya uliochunika mahali fulani.

Mega

Kipima insulesheni, ambacho mafundi hukiita mega, chenyewe hutoa volti 500, 1,000, au 5,000 kwa vile vikubwa. Hutumiwa kwenye nyaya zilizothibitishwa kuwa zimekufa na vifaa vya elektroniki vikiwa vimetolewa, na mwisho wa pili wa kebo ulindwe na mtu au kizuizi. Kebo ndefu hujaa umeme wakati wa kupimwa, hivyo iache mega iutoe mpaka volti zifike sifuri, kisha uifunge kebo kwenye ardhi. Kebo za msongo mkubwa ziachwe zimefungwa kwenye ardhi kwa muda usiopungua muda wa kupimwa, na zaidi, kwani umeme uliofyonzwa na insulesheni hurudi polepole ukiachiwa mapema.

Karibu na kilovolti 11

Laini na transfoma za msongo mkubwa ni kazi ya wenye kibali cha shirika la umeme, kwa utaratibu wa kutenga, kufunga, kuthibitisha kwa kipimaji cha fimbo ndefu ya kuhami, kisha kufunga waya za ardhi pande zote za mahali pa kazi. Fundi wa volti ndogo hukutana na hatari hiyo kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni transfoma inayolishwa kinyume. Transfoma ya volti 11,000 kwa 400 ina uwiano wa 27.5, na uwiano huo hufanya kazi pande zote mbili. Jenereta ya mteja iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia hutoa volti 400 upande wa chini na kuzalisha 11,000 kwenye waya ambao mafundi wa laini wanaushika wakiamini umekufa.

Wa pili ni transfoma za kupimia mkondo, zile za ampia 5 kwenye paneli za mita za viwanda. Waya zake za upande wa pili, zinazokwenda kwenye mita, zikifunguliwa wakati mzigo unapita, volti kati ya ncha hizo huweza kupanda hadi maelfu. Vichwa vyake vya majaribio viunganishwe kwanza pamoja kwa shoti, na mkondo upimwe kwa klampu bila kuchomoa chochote. Transfoma za kupimia volti, za 11,000 kwa 110, zina hatari tofauti: fyuzi zake zisipotolewa, volti 110 za majaribio ukiziingiza upande wa chini huzaa 11,000 upande wa juu.

Wa tatu ni kijiti cha msongo mkubwa, kile kirefu kinachopunguza volti mara 1,000 ili multimita isome hadi kilovolti 40. Kimetengenezwa kwa ajili ya elektroniki yenye nguvu ndogo, kama vile televisheni za zamani za bomba, na hakiruhusiwi kwenye laini wala transfoma. Maikrowevu nayo isipimwe volti zake ikiwa imewashwa: transfoma yake hutoa takriban volti 2,000 zenye mkondo wa kutosha kuua, na kapasita yake hubaki imejaa. Hapo hupimwa ukinzani na mwendelezo tu, plagi ikiwa imechomolewa na kapasita imemalizwa umeme.

Mita iliyopata ajali

Mita iliyodondoka kutoka juu ya ngazi, iliyoingia maji, au iliyopata shoti kupitia vijiti isirudi kwenye paneli kwa sababu tu bado inasoma. Ifunguliwe na anayeijua, bodi yake iangaliwe kama ina weusi au mabaki ya shaba, na fyuzi zake zihakikiwe namba. Ikiwa na dalili yoyote, kata waya zake na ukwaruze maandishi ya CAT kabla ya kuitupa, ili asije mwanafunzi wa karakana akaiokota na kuipeleka kwenye swichi kuu.